Barua kwa mwanangu: kisutu sikupi, chukua hii ya kijani

Mwanangu,

Meseji yako niliisomea pale sokoni Mwaloni mteja kasimama na ndoo yake anasubiri nimpimie dagaa, ikabidi asubiri kidogo. Umeuliza eti kwenye haya maonyesho ya sanaa ya mapenzi unayoandaa hapa Mwanza utajuaje kazi ipi ina mapenzi kweli na ipi ni pambo tu, halafu mwishoni ukachomekea naomba kisutu chako cha harusi nikitundike. Kisutu sikupi. Usinune kwanza, kuna kanga nyingine nataka uchukue, na jibu la swali lako limo humohumo.

Baba yako enzi zile alikua anavua dagaa kutokea kambini Ukerewe, na dagaa unajua wanavuliwa giza, siku ambazo mwezi haupo, maana wanafuata taa, zamani karabai saivi za sola. Mwezi ukishakua mkubwa taa haifanyi kazi, wavuvi wanarudi nyumbani wanashona nyavu na kusumbua wake zao. Kwaiyo mume wangu nilikua nampata kwa mwezi. Wenzako wakiona mbalamwezi wanaimba, sisi kwetu ilikua ratiba.

Sasa mwaka 1995, hata mwaka wa ndoa haujaisha, akashuka kwenye meli ya Nansio akapita madukani Makoroboi kaninunulia doti ya kanga, kijani kama pera bichi, nzuri. Nikaifungua nisome jina. HASIDI HANA SABABU. Mwanangu nilikaa siku tatu sisemi, ugali naweka mezani nageuka, nawaza hasidi ni mimi au ni mama yangu, au kuna maneno kayakuta njiani. Siku ya nne akauliza kwa upole kabisa, mbona ile ya kijani huifungi? Kumbe yeye kachagua rangi tu! Niliwahi kusema kabla hatujaoana kwamba napenda kijani, akaishika hiyo, akaingia dukani ana haraka akasema nipe ya kijani, akalipa akaondoka, maandishi hakuyaangalia hata. Nilivyomsomea alicheka mpaka akakaa chini.

Hiyo ndo nakupa. Imebaki pande moja, ile nyingine tuliikata nepi zako. Kwenye pindo kuna kitobo cha cheche ya jiko, kwenye mji, yaani pale katikati ya kanga, kuna doa la mafuta halitoki, na upande mmoja rangi imepauka sana kwa sababu niliwahi kuifanya pazia la dirishani, kwaiyo hao waliokwambia vitambaa visimulikwe kwa mwanga wa zaidi ya lux 50 wasikilize, hata mimi sina mashine ya kupimia ila jua nalijua. Pembe mbili zimevutika kwa fundo, hapo ndo nilikua nakubebea.

Kisutu changu kimekaa sandukuni kimevaliwa siku moja. Ni kizuri, ila ukikitundika watu watasema kizuri watapita.

Na hivo ndo ningechagua na hizo kazi nyingine. Mchoraji akikuletea watu wawili wameshikana mikono jua linazama nyuma ya Bismarck Rock, lile jiwe la ziwani, mwulize, hapa nani alichelewa? Nani alikosea? Akikosa jibu picha iende hotelini, huko watainunua. Ile uliyonihadithia ya Félix González-Torres, yule mzaliwa wa Cuba aliyefanya kazi Marekani, saa mbili za ukutani zinafanana zimegusana, zinaanza sawasawa halafu pole pole moja inaiacha nyingine, mwanzo nilicheka, nikasema saa kama hii ya sebuleni nayo sanaa? Uliponambia mpenzi wake alikua anaumwa UKIMWI na akafariki 1991 nikaacha kucheka. Na kwamba betri ikiisha zinawekwa mpya zinaanza tena pamoja, hiyo nimemsimulia mpaka mama wa jirani. Hao wengine, wasanii wapenzi Marina Abramović na Ulay, waliotembea Ukuta wa China 1988 kila mtu na upande wake siku 90, wakati mpango wa mwanzo ulikua wakikutana waoane na wakaishia kukutana waachane, hao bado nawafikiria. Nguvu yote hiyo jamani. Mimi ningeandika barua.

Umesema pia unataka kuomba watu wa kawaida walete vitu vyao na hadithi fupi, kama kule Zagreb, Croatia, kwenye makumbusho ya mapenzi yaliyovunjika. Wataleta, watu wa Mwanza wana vitu. Lakini kila kitu kiandikie karatasi, umeazima lini unarudisha lini, usaini na yeye asaini, maana mimi kuna mtu aliwahi kuazima picha yetu ya harusi akaiweke kwenye maonyesho, mpaka leo hajarudi nayo na ilikua moja tu. Na majina usiweke, hapa kwetu watu wanajuana, mtu anaweza kumkuta mume wake ukutani.

Kupanga usipange kwa ukubwa wala rangi. Kasimame Makoroboi nusu saa uangalie kanga zilivyotundikwa, mbili zikikaa jirani zinaanza kujibizana, moja inatukana nyingine inaomba msamaha, na we unasimama hapo kama unasikiliza ugomvi wa wapangaji. Na hiyo habari ya katikati ya picha kuwa sentimita 150 toka chini, sijui waliipimia wapi, wamama wengi wa Mwaloni wafupi kama mimi, shusha kidogo.

Halafu usifungue wakati wa giza. Fungua mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi wako nyumbani, wataletwa na wake zao.

Kanga nimeikunja iko juu ya kabati, njoo Jumamosi uichukue. Usiifue, usiipige pasi, na kile kitobo usikishone. Kwenye kikaratasi cha pembeni andika tu kwamba alichagua rangi. Baba yako anauliza kama atalipwa, nimemwambia kwanza akaisome.

Mama