Usimsamehe Mhusika Wako kwa Usiku Mmoja

Shalom wapendwa.

Wiki tatu zilizopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji wa riwaya yangu ya tatu. Wengi wenu mmeisoma, na wengi mlinipongeza kwa sura ya kumi na nane, ile ambayo Adela anamsamehe mumewe Natani, aliyemtelekeza na mtoto mchanga kwa miaka sita. Nami nilijivunia sana sura ile. Niliiandika usiku kucha huku nikilia, nikaamini machozi yangu ni ushahidi kwamba imebarikiwa. Dada huyu hakunipongeza. Ameniruhusu niyaweke hapa maneno yake:

"Dada, mume wangu naye aliniacha akarudi. Huu ni mwaka wa tatu naomba niweze kumsamehe, na bado nikisikia ufunguo wake mlangoni tumbo linanisokota. Adela aliomba usiku, asubuhi akaamka mwepesi. Naomba uniambie, mimi nina kasoro gani?"

Nilianza kumjibu kwa mistari ya Biblia, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Mwisho nikaacha simu, nikafungua sura ya kumi na nane na kuisoma kana kwamba mimi ndiye yeye.

Natani anabisha hodi. Anaeleza, analia. Adela anakwenda chumbani, anapiga magoti kando ya kitanda, na mimi mwandishi nikaandika kwamba "ghafla" amani ipitayo akili zote ikamjaa. Kunakucha. Anamwandalia mumewe chai. Miaka sita ya mwanamke aliyeachwa na kichanga nimeimaliza kwa kurasa mbili na neno "ghafla".

Lakini si hilo lililonitoa jasho. Nilifika kwenye maneno ya Natani pale mlangoni. Anasema: "Yaliyopita si ndwele, Adela. Tulikuwa wadogo, mambo yakaharibika." Maneno hayo sikuyabuni. Niliwahi kuambiwa mimi.

Niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika popote. Nilipokuwa na miaka 26 nilikuwa na mchumba, tumeshatangazwa kanisani, kadi zimekwisha kugawiwa. Zikiwa zimebaki wiki mbili akanipigia simu, akasema ameomba na Mungu amemwonyesha kwamba mimi siye. Hakusema ameghairi. Alisema ameonyeshwa. Utabishana vipi na mtu aliyeonyeshwa? Jioni ile nikachukua orodha ya waalikwa, nikaanza kuwapigia mmoja mmoja. Kila niliyemaliza kuzungumza naye niliweka alama ya vyema pembeni ya jina lake, kwa kalamu ileile niliyotumia kuweka alama siku ya kugawa kadi. Kwa hiyo kila jina lilikuwa na alama mbili. Karatasi ile ninayo hadi leo.

Mwezi haukuisha nikaanza kuambiwa nisamehe. Kwenye kikundi cha maombi nilisimama, nikasema nimemsamehe, wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani na makofi yale, nikalala na nguo nilizotoka nazo.

Miaka iliyofuata nairuka, haina cha kusimuliwa. Mwaka wa nne akaja. Uchumba wake mwingine ulikuwa umevunjika. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, anazungusha funguo kidoleni, zinagongana. Akasema yaliyopita si ndwele. Akasema tulikuwa wadogo. Akasema mambo yaliharibika. Wapendwa, nilikuwa tayari kumkubali. Nilikuwa nimejipaka mafuta, nimevaa gauni ninalolipenda. Nilichokuwa nasubiri ni neno moja, na nilijua ni lipi, nami nilimwachia nafasi za kulisema, nikanyamaza makusudi ili alijaze. Halikuja. Alizungusha funguo zake mpaka chai ikapoa, akaaga, sikumsindikiza.

Mwezi uleule nikaanza kuandika riwaya yangu ya kwanza. Riwaya zangu zote tatu zina mwanaume anayerudi na kupokelewa. Sasa mnajua ni nani. Na baada ya miaka yote hiyo nilikuwa nimempa tena maneno yaleyale, safari hii nikamlazimisha Adela ayapokee kwa furaha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwako wewe unayeandika riwaya za mapenzi za Kikristo ni huu: angalia vitenzi vya mkosaji wako. Kiswahili kimetupa vipimo ambavyo hatuvitumii. "Makosa yalifanyika" ni maneno ya mtu anayekimbia. "Tulikosea" ni mtu anayemgawia mwenzake mzigo usiokuwa wake. "Nilikosea" ni nusu ya njia. "Nilikukosea" ndiyo toba, kwa sababu ya ile "ku" ndogo katikati, ambayo ni mtu mzima aliyeumizwa, amesimama ndani ya kitenzi na anaonekana. Mimi nilisubiri "ku" hiyo alasiri nzima. Mwana mpotevu aliijua. Katika Luka 15 anasema, "Baba, nimekosa juu ya mbingu na mbele yako." Hakuishia mbinguni. Kuna watu wengi sana wanaotubu mbinguni na kumruka aliyekaa kitako mbele yao.

Na ile methali! Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali nzuri, nami naipenda, lakini ina mwenyewe. Mwenye haki ya kuitamka ni aliyeumizwa. Mkosaji akiitanguliza, amejisamehe mwenyewe na anakuja kukuarifu tu. Ukiiweka kinywani mwa Natani wako, basi na ijulikane kwamba bado hajatubu, na Adela alione hilo, na msomaji alione.

Ushauri wa pili: maombi yasifanye kazi ya kalamu yako. Nasema haya nikiwa mwombaji. Sura ya kumi na nane nilikuwa nimekwama. Sikujua mwanamke yule angefikaje kwenye msamaha, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijafika. Nikampigisha magoti ili nisilazimike kujua. Mungu anaweza kumponya mtu kwa usiku mmoja, sina shaka na hilo. Ila mwandishi anayemwita Mungu kila msuko wa hadithi unapomshinda anamgeuza kuwa mfereji wa kutolea maji yaliyotuama. Acha Adela aombe, na asubuhi aamke akiwa bado ana hasira. Aombe tena. Katikati ya maombi akumbuke deni la dawa za mtoto, asimalizie "amina". Watu wa kanisani wanaomba hivyo, na ndio wanaotusoma.

Nilirudi kwenye habari ya Yusufu nikaisoma polepole, kwa jicho la fundi. Aliuzwa akiwa na miaka 17. Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 30, ikaja miaka saba ya shibe na miwili ya njaa, kwa hiyo ndugu zake wanalia mbele yake baada ya miaka kama 22. Aliwatambua mara tu walipoinama mbele yake. Msimuliaji wa haraka angewakumbatisha hapohapo. Kitabu cha Mwanzo kinakwenda kutoka sura ya 42 hadi ya 45 kabla Yusufu hajasema "Mimi ni Yusufu". Katikati anawaweka kifungoni, anajitenga kwenda kulia, ananawa uso, anarudi, anaagiza kikombe chake cha fedha kifichwe kwenye gunia la Benyamini. Kwa nini? Anataka kuona kama bado ni watu wale wanaoweza kumwacha ndugu mdogo utumwani na kurudi nyumbani kwa baba. Na anayesimama kusema "nichukue mimi badala ya kijana" ni Yuda, yuleyule aliyetoa shauri la kumuuza Yusufu. Hapo ndipo Yusufu anashindwa kujizuia. Toba ya Yuda ilipewa mahali pa kuonekana, kwenye hali ileile aliyoanguka.

Halafu soma Yohana. Petro anamkana Bwana akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, sura ya 18. Sura ya 21, Bwana aliyefufuka yuko ufukweni, na mbele yake kuna moto wa makaa. Yohana hakusema moto tu, alisema wa makaa, mara zote mbili. Petro aliusikia moshi ule kabla hajaulizwa lolote. Kisha anaulizwa mara tatu kama anapenda, mtu aliyekana mara tatu, na mara ya tatu anahuzunika. Bwana alimrudisha Petro hadi mahali palipouma, ndipo akampa kondoo. Ukiandika penzi la mara ya pili, tafuta makaa yako. Kwangu yangekuwa funguo zinazogongana kidoleni. Kwa yule dada ni ufunguo mlangoni. Sijui kwako, lakini unajua.

Mtaniuliza, je, Hosea? Kila mwandishi wa aina hii anafika kwa Hosea. Mwandishi Mmarekani Francine Rivers alimchukua nabii huyo na mkewe akawapeleka California ya wakati wa wachimba dhahabu, katika riwaya yake Redeeming Love iliyotoka mwaka 1991, na mamilioni ya wasomaji wameipenda. Ila wengi wetu tunakumbuka kwamba Hosea alimrudisha Gomeri, mkewe asiyekuwa mwaminifu, tunasahau yalivyokuwa. Sura ya tatu inataja bei: vipande kumi na vitano vya fedha, na homeri moja na nusu ya shayiri, homeri ikiwa kipimo cha nafaka cha zamani. Mimi namwona mtu ambaye fedha zimemwishia, anajazia kwa nafaka, anabeba magunia mbele ya macho ya watu. Na akishamnunua hakuna harusi. Anamwambia, utakaa kwangu siku nyingi. Siku nyingi, wapendwa! Manabii wana subira kuliko sisi wenye sura ishirini na nne.

Basi, msamaha uwe na gharama na gharama ionekane. Nani analipa? Anatoa nini ambacho hatakipata tena? Kama hakuna anayetoa kitu, hakuna kilichosamehewa, kimefunikwa tu.

Na kuna jambo la mwisho, ambalo najua wengine hamtalipenda, kwa kuwa tunaandika mapenzi na tunataka ndoa ukurasa wa mwisho. Kusamehe siyo kurudiana. Yakobo na Esau walikumbatiana na kulia katika Mwanzo 33, na kilio kilikuwa cha kweli. Esau akamwambia twende pamoja. Yakobo akasema tangulia wewe. Esau akaenda Seiri, Yakobo akaenda Sukothi. Hakuna mahali Biblia inapomwambia Esau kwamba msamaha wake haukutimia kwa sababu hawakukaa nyumba moja. Mara ngapi tumemwambia mwanamke aliyepigwa kwamba akirudi ndipo atakuwa amesamehe? Mara ngapi tumeandika hivyo, tukapigiwa makofi? Nasema na wewe mwandishi unayemtaja Kristo: anayekusoma anaweza kuwa ameketi usiku huu na begi lake mlangoni, anasubiri Adela amwambie la kufanya. Usimrudishe mahali ambapo wewe usingemrudisha binti yako ili tu riwaya iishe vizuri. Kama Natani ametubu, ameonekana, amengoja, warudishe na tufurahi wote, nami nitakuwa wa kwanza kulia. Kama hajatubu, Adela amsamehe akiwa upande wake wa mlango. Hiyo nayo ni riwaya ya upendo.

Mimi yule mtu nimemsamehe. Siwezi kutaja siku. Nilijua tu siku moja nilipomwona kwenye mazishi ya mtu tunayemfahamu wote wawili, akasogea tumsaidie mzee mmoja kuinuka, tukashika mzee huku na huku, na nikarudi nyumbani nikiwa nimefikiria mambo mengine njia nzima. Lakini nilipoandika ile aya ya orodha hapo juu nilisimama mara mbili, nikaenda kunywa maji. Yote mawili ni kweli.

Yule dada nilimjibu hatimaye. Nilimwambia hana kasoro, sura ndiyo yenye kasoro, na aliyeiandika anamwomba radhi. Nilimwandikia: nilikukosea. Toleo jipya naliandaa. Sura ya kumi na nane sasa imekuwa sura tano, na Natani analala kwa kaka yake. Jana usiku alikuja kurekebisha bawaba ya mlango wa jikoni, akabisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi, akangoja nje. Adela alikuwa anafua. Alimwona kupitia dirishani, akasuuza shati la mtoto, akalikamua, akalianika, ndipo akamwambia apite. Bawaba imetengenezwa. Hawajasemezana bado.