Maswali ya Bustani: Mawe Yasiyokwisha

SWALI: Ndugu Mhariri, kiwanja changu cha nyuma ya nyumba kimejaa mawe ya kila ukubwa. Kwa misimu 3 nimeyaokota na kuyatupa nje ya ua, lakini kila nikilima huibuka mengine, utadhani yanazaliana huko chini. Mboga za majani hupendeza kwa wiki chache kisha hunyauka, na karoti nilizovuna zilikuwa na miguu miwili hadi mitatu kila moja. Je, niendelee kuokota, ninunue udongo wa kumwaga juu, au niachane na bustani?
Msomaji mwenye mgongo unaouma

JIBU: Ndugu msomaji, usiachane na bustani, ila acha kuokota kila jiwe. Mawe hayo yalikuwapo tangu mwanzo: jembe huyainua, na maji ya mvua huchukua udongo laini uliokuwa umeyafunika. Katika nchi za baridi kali, hata barafu inayojitengeneza ndani ya udongo huyasukuma juu. Kwa hiyo anayelima kiwanja kizima, akaokota mawe yote na kuuacha udongo wazi, huharakisha jambo lile lile analolikimbia.

Kabla ya lolote, jua kilichoko chini. Chukua mtaimbo au nondo, uichomeke mahali 10 hivi, ukipima kina inapogota. Ikigota kwa kina tofauti tofauti, na ukiisogeza kidogo ikapenya, hayo ni mawe huru. Ikigota kila mahali kwa kina kinachokaribiana, yaelekea umefika kwenye mwamba, na hapo hakuna sururu itakayokusaidia. Palipo na udongo usiofika sentimita 20 juu ya mwamba, mboga nyingi zitahitaji tuta lililoinuliwa.

Tukija kwenye kunyauka, kosa si la mawe yenyewe, bali ni uchache wa udongo uliopo kati yake. Mawe mengi hayahifadhi maji ya maana, hivyo ikiwa asilimia 40 ya ujazo wa ardhi yako ni mawe, kina cha sentimita 30 kitatunza maji kana kwamba una sentimita 18 tu za udongo. Mche mdogo hauoni shida, lakini ukishakua na kuwa na majani mengi, akiba hiyo huisha mapema. Ndiyo maana katika ardhi ya namna hii tunamwagilia kidogo kidogo na mara nyingi zaidi, kwani ndoo nyingi kwa mkupuo mmoja hupitiliza chini pamoja na mbolea uliyoigharamia. Samadi iliyooza vizuri na mboji ndizo zinazoongeza uwezo wa udongo huo mchache kushika maji. Tandaza unene wa sentimita 5 kila msimu, bila kukosa.

Sasa chagua sehemu ndogo, iwe matuta yako ya kudumu usiyoyakanyaga. Ndani ya sentimita 30 za juu, toa mawe yanayozidi ukubwa wa ngumi, uyapange pembeni yawe ukingo wa tuta. Madogo yaache, maana nimeona watu wakichekecha udongo wa kiwanja kizima hadi wakakata tamaa kabla ya kupanda mbegu ya kwanza. Yale bapa yalaze juu ya udongo katikati ya mimea, ambako hufanya kazi ya matandazo: hupunguza maji yanayopotea kwa jua na huvunja nguvu ya matone ya mvua. Ukinunua udongo, uchanganye na wa chini kwenye sehemu zinapokutana, kwa sababu mizizi husita inapokuta mpaka wa ghafla kati ya tabaka mbili.

Karoti hugawanyika pale ncha ya mzizi mchanga inapogonga jiwe. Chekecha tuta moja tu kwa ajili yake, au panda aina fupi za mviringo. Maboga, kwa upande wake, ni rafiki wa ardhi yako: chimba mashimo machache yenye upana na kina cha sentimita 40, ujaze mboji na udongo, kisha uache mashina yatambae juu ya mawe.

SWALI: Mawe ya kwangu ni meupe, na majani machanga ya mimea hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Nimeshauriwa niongeze majivu. Je, ni sawa?

JIBU: Hapana. Dondoshea jiwe mojawapo siki; likitoa povu, ni jiwe la chokaa, na udongo wako una alikali nyingi inayozuia mimea kupata madini ya chuma. Majivu yataongeza alikali hiyo hiyo. Tumia mboji kwa wingi, na upande vitu vinavyovumilia hali hiyo, kama vile rozimari, mtini na mzeituni.

SWALI: Je, naweza kupanda mti wa matunda kwenye mawe?

JIBU: Unaweza, na mche mdogo ni bora kuliko mkubwa, kwa kuwa mizizi yake hujitafutia njia katika nyufa tangu mapema. Hofu yangu ni shimo lililochongwa katika mwamba, ambalo huweza kukaa na maji kama bakuli na kuozesha mizizi. Lijaze maji, yaishe, ulijaze tena. Yakiwapo bado siku ya pili yake, tafuta mahali pengine pa kuuweka mti huo.