Maswali ya Wasomaji: Mawe ya Ukuta, Paa na Sakafu

SWALI: Assalaam aleikum, mzee wetu. Nimejenga Malindi, si mbali na bahari, kwa matofali ya matumbawe yaliyopigwa lipu ya saruji. Natamani kubandika mawe ya Mazeras kwenye ukuta wa mbele, lakini jirani yangu alipofanya hivyo vipande vilianza kuanguka baada ya mvua za mwaka wa pili, na vilivyosalia vimetoa chumvi nyeupe. Je, mawe hayo hayafai pwani?
– Mama Watoto, Malindi

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Mawe ya Mazeras yanachimbwa huku huku pwani na hayana ugomvi na hewa yetu. Kabla ya kuyalaumu, uliza yalishikizwa kwa kitu gani. Chumvi ile nyeupe mara nyingi haikuzaliwa ndani ya jiwe, bali ililetwa na mchanga wa ufukweni, ambao huonekana rahisi kwa kuwa uko karibu, au na maji ya kisima yenye chumvi yaliyotumiwa kukorogea udongo wa kujengea. Ukuta unapolowa, maji huiyeyusha chumvi na kuitembeza hadi usoni. Jua likipiga, maji huondoka na chumvi hubaki. Ikigandia juu ya jiwe, inachafua tu na unaweza kuifuta kwa brashi kavu, lakini ikigandia nyuma yake, chembe zake hutanuka na kulisukuma jiwe kidogo kidogo mpaka liachane na ukuta. Kwa hiyo tumia mchanga wa mtoni, kama ule wa Sabaki, na maji matamu, hata kama itakubidi ununue maji hayo.

Kosa la pili ni la mkono wa fundi. Wako wanaoweka mafundo manne au matano ya saruji nyuma ya jiwe, kisha wanalibandika na kupita. Katikati hubaki mashimo ambamo mvua ya kusi, inayosukumwa na upepo kutoka baharini, huingia na kukaa. Mgongo wa jiwe unapaswa kusuguliwa vumbi, kuloweshwa, kisha kupakwa wote bila kubakisha nafasi, na lipu ya chini iwe imekwaruzwa ikiwa bado mbichi ili ishike. Baada ya siku chache gonga kila jiwe kwa mpini wa mwiko, na lile litakaloitika kama debe tupu litolewe kabla hujamlipa fundi.

Kumbuka pia uzito. Jiwe la aina hiyo lenye unene wa sentimita 3 hufikia kama kilo 70 kwa kila mita moja ya mraba, na mzigo huo wote unaning'inia kwenye lipu. Kwenye ukuta mfupi wa baraza hilo si tatizo. Ukuta ukipanda ghorofa, mawe yafungwe pia kwa vishikizo vya chuma kisichoshika kutu, kwa sababu waya wa kawaida ukipata kutu huvimba na kupasua kile ulichopaswa kukishika. Juu ya ukuta weka mfuniko wa jiwe au zege unaochomoza kidogo mbele, maana maji mengi huingilia juu. Ama ile vanishi ya kung'arisha, ambayo wauzaji huisifu mno, mimi siipendi: huufungia unyevu ndani, na baada ya muda hubanduka vipande vipande na kuuacha ukuta na madoa.

SWALI: Nimerithi nyumba ya kale Mkomani, Lamu. Dari ya juu ilikuwa ya boriti na mawe, sasa imelegea. Rafiki yangu aliyeishi Uingereza ananishauri niezeke kwa sleti, yaani vigae vya jiwe bapa. Pia fundi alipiga lipu ya saruji kwenye kuta na inabanduka.
– Mjukuu wa Mkomani

JIBU: Ndugu yangu, wazee wako walikwisha kuezeka kwa mawe. Walipanga boriti za mikoko karibu karibu, wakalaza mawe bapa juu yake, kisha wakashindilia kokoto na chokaa. Mzigo huo ulibebwa na kuta nene, na urefu wa boriti ndio uliofanya vyumba vya Lamu viwe virefu na vyembamba, upana wake kwa kawaida usifike mita 3. Sleti ni jiwe zuri, lakini huhitaji paa la mteremko na mbao imara za kubeba takriban kilo 30 au zaidi kwa mita ya mraba, wakati bati la kawaida halifiki kilo 6. Isitoshe, ingelazimu kuisafirisha kutoka mbali kwa bahari. Badilisha boriti zilizooza, urudishe mawe na chokaa.

Kuhusu kuta, matumbawe yaliyozijenga yana vinyweleo na huvuta unyevu kutoka ardhini, kisha huutoa usoni. Chokaa huuruhusu upite. Saruji huuziba, nao hupanda juu zaidi au huisukuma lipu hadi ianguke. Ibandue taratibu, uache ukuta ukauke, kisha upake chokaa kwa matabaka membamba, ukiyakinga na jua na kuyanyunyizia maji kwa siku kadhaa, kwa sababu chokaa huwa ngumu polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa. Mji wa Kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo nenda kwanza katika ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya hapo Lamu kabla ya kugusa chochote.

SWALI: Sakafu yangu ya marumaru jikoni imepata madoa yasiyong'aa, ilhali mawe ya Galana yaliyoko uani hayana kitu. Naisafisha yote kwa siki.
– Bi. Shela

JIBU: Bibi, siki ndiyo inayoila. Marumaru, kama matumbawe, ni jiwe la chokaa, na kila kitu kichachu, iwe siki, ndimu au ukwaju uliomwagika, hukwangua mng'ao wake. Jiwe la Galana ni la mchanga, halidhuriki hivyo, na uso wake mkavu hautelezeshi miguu iliyolowa. Marumaru yaoshwe kwa maji na sabuni laini, na madoa yaliyokwisha kuingia yataondolewa na fundi mwenye mashine ya kusugulia. Weka mkeka mlangoni, kwani mchanga wa Shela unaoingia na viatu huikwaruza kila siku.