Pingamizi la kituo cha mafuta: anzeni na matangi

Umeuliza mpinge nini kwanza kwenye kile kituo cha mafuta na duka lake kinachopangwa kujengwa karibu na nyumba zenu. Kelele na taa za usiku zitajeni, ila anzeni chini ya ardhi. Ombeni ramani ya kiwanja muone matangi yatakaa wapi na mabomba ya kupumulia, yale yanayotoa mvuke wa matangi nje, yatatokea upande gani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa na kujikusanya mitaroni, kwa hiyo mteremko unaoelekea nyumba zenu ni hoja nzito. Daini matangi ya kuta mbili, yenye kihisi cha uvujaji katikati. Kama kuna kisima jirani, maji yapimwe kabla ujenzi haujaanza, la sivyo baadaye hamtakuwa na cha kulinganisha. Mkisema tu "hatukitaki", mtasikilizwa kwa adabu na kibali kitatoka.