403 kisha kuhamia Apache 2.4: toa ile "granted" ku muzizi LEO, HTTP/2 itakungoja

HAPANA. Mudogo, weka hiyo kiberiti chini kwanza.

Umeandika ati umehamisha saiti ya masomo kutoka ku seva ya zamani ya CentOS 6 yenye Apache 2.2.15 (Apache njo programu yenye inatoa kurasa za saiti), umeiweka ku mashini mupya yenye Apache 2.4, seva ikakataa kuwaka juu ya mistari ya Order na Allow (ruhusa za namna ya zamani), ukaifuta yote, ikawaka, sasa kila ukurasa iko nakutolea 403 Forbidden, maana yake "umekatazwa". Rafiki yako huko Bukavu akakwambia uandike Require all granted (ruhusu bote) ndani ya <Directory />, umeandika, saiti imefunguka, na siku ya kwanza, Jumatatu, matokeo ya batoto inatoka. Kisha ukauliza habari ya HTTP/2 (namna mupya ya seva na kivinjari kusemezana), na sertifika ya https, na kama ni bora kuhamia Nginx, programu ingine ya seva. Mi nilisoma paka pale pa "rafiki yangu", chai ikanipitia mu pua.

Juu huyu rafiki yako mi namujua. Kama si yeye, ni ndugu yake wa tumbo moja. Mu 2014 nilikuwa na shida ileile, 2.2 kwenda 2.4, saiti ya kampuni moja ya transiti hapa Lubumbashi, batu ya mizigo ya Kasumbalesa, bateja benye lori zao zinalala ku mupaka siku ine na kila saa wanataka kuona faili yao imefika wapi. 403 kila mahali. Simu inalia. Nikatafuta ku intaneti nikakuta jibu ya mutu moja, jina yake sijue na ninaomba Mungu nisiijue kamwe, aliandika mustari moja tu: weka Require all granted juu kabisa, inatumika. Chini yake batu banamushukuru mustari kwa mustari, asante kaka, umeniokoa, ubarikiwe. Na mi nikashukuru! Iko pale paka leo, jina yangu na ile picha ya tai ya harusi ya shemeji.

Haikuuliza mutu hata moja: hiyo mulango ni ya nini?

Ile mukwaju moja ndani ya <Directory /> haiko saiti yako. Ni muzizi ya mashini yote. /etc iko humo, /home iko humo, konfigi zako, bakapi zako, ile faili ya Excel ya mishahara yenye ulisahau mu folda fulani mu 2019. Konfigi yenye Apache 2.4 inakuya nayo inaandika pale Require all denied, maana yake seva isitoe kitu yoyote ya mashini hii, ila folda zenye mwenye seva atazitaja moja moja kwa jina. Ni kiwanja: unajenga uzio kuzunguka yote, kisha unatoboa geti moja. Ukiweka granted ku muzizi haukufungua geti, umebomoa uzio, na saiti inafunguka kweli, lazima ifunguke, hata nyumba bila kuta inaingilika vizuri sana.

Sasa ubaya wa hii kosa ni kwamba inanyamaza. Mi ilinyamazia miaka saba. Kuanzia 2014 paka 2021 hakuna kitu ilifanyika, saiti inatumika, patron anacheka, mi natembea mu mji kama fundi. Ukiniambia wakati ule ningekujibu "mbona inatumika?" Na njo jibu yenye uko nayo mu kinywa sasa hivi, nakuona.

Mwezi wa 9 mu 2021 ikatoka Apache 2.4.49. Mi nilikuwa na ugonjwa wa namba kubwa: sikutaka Apache ya apt, ile yenye Linux za Debian na Ubuntu zinakupa tayari, ati ni ya zamani, nilikuwa najikompailia mwenyewe, naijenga kutoka ku kodi yake. Ujinga ingine hiyo, juu Debian na Ubuntu banakuwaka banatia dawa ya usalama mu vesheni ileile bila kupandisha namba, unaona 2.4.52 unafikiri umechelewa na kumbe dawa imeshaingia. Lakini mi nilitaka mupya ya moto. Nikaipata.

Humo mu 2.4.49 balikuwa babadilisha namna Apache inasafisha njia ya faili yenye mutu anaomba. Unajua ukiandika nukta mbili na mukwaju unapanda folda moja juu. Kila seva inazuia hiyo, ni mambo ya zamani. Lakini mu 2.4.49 ukiandika nukta moja kawaida na ya pili kama %2e, inapita. Mutu anaanzia /cgi-bin/ ao /icons/, anapanda, anapanda, anapanda, anafika ku muzizi. Na pale ku muzizi, sikiliza vizuri, pale njo anakutana na ule mustari wako. Kama imeandikwa denied: 403, kwaheri. Kama imeandikwa granted: karibu nyumbani, chagua faili. Na kama umewasha CGI (njia ya seva kuendesha programu), haishie ku kusoma, anaita /bin/sh yako, ile programu ya kupokea amri, na kukutumia amri. Mi CGI niliwasha juu ya skripti moja ya Perl ya kuhesabu wageni wa saiti. Ya kuhesabu wageni! Basi wageni walikuya, nilibahesabu vizuri.

Dawa ilitoka tarehe 4 mwezi wa 10, vesheni 2.4.50. Tarehe ileile WhatsApp na Facebook zilikufa dunia nzima, mutakumbuka, kila mutu anazima simu anawasha, mi nafikiri forfe yangu ya intaneti imekwisha. Siku ya pili yake nikasikia habari ya Apache, nikakompaili 2.4.50, nikapiga picha ya skrini nikamutumia patron: tumefunga. Patron akaninunulia bia ya Simba mbili baridi. Konfigi sikuigusa. Kwa nini niiguse, shimo si ilikuwa mu Apache?

Tatizo, ile dawa ya 2.4.50 haikuziba yote. Ukificha ile nukta mara mbili, unaandika %%32%65, inapita tena. Tarehe 7, siku tatu tu kisha, ikatoka 2.4.51 kuziba vizuri. Mi tarehe 7 nilikuwa Likasi ku matanga, bila mega hata moja mu simu.

Siku ya Mungu asubuhi, tarehe 10, zamu wa pa ofisi ananipigia: yaya, ile mashini ya chumba ya nyuma iko nalia kama ndege, nitoe ku umeme? Nikafika. Prosesa zote ku 100, programu moja mu /tmp inachimba Monero, pesa ya mu intaneti, kwa jina ya daemon (jina yenye Apache yangu ilitumia), na ile iliyobaki ya intaneti inatumika kutafuta maseva ya batu bengine duniani ya kuingilia. Forfe ya mwezi nzima ilikwisha mu siku mbili. Tuko mu mji ya migodi, sawa, lakini sikufikiria watatoboa mgodi mu chumba yangu.

Nikauwa ile programu, nikaweka 2.4.51, nikafuta /tmp, nikamwambia patron ni virusi kidogo. Virusi kidogo! Hapa njo kosa yenye ilinimaliza, ile ya kwanza ilinitia tu aibu. Juu mutu mwenye anaweza kusoma faili yoyote anaanza na gani? Anaanza na faili ya PHP yenye neno la siri ya database. Na neno la siri ya database ilikuwa ileile ya imeili ya ofisi, juu patron hapendi kukumbuka maneno mawili, na mi sikubishana. Sikulibadilisha. Siku tatu kisha, bateja watatu balipata barua kutoka ku imeili ya kweli ya kampuni, Kifaransa safi kuliko ya sekretere wetu, ati namba ya benki imebadilika. Wawili balipiga simu kuuliza. Wa tatu alilipa. Dola 1 800.

Sijue kama ni walewale ba Monero ao ni bengine benye balinunua mulango kwao. Haikunisaidia kujua. Patron aligawa hasara katikati: mi 900, dola 100 kila mwezi, miezi tisa. Bibi yangu alikuwa na hesabu yake ku ukuta wa jikoni, na alikuwa anaikata kwa kalamu nyekundu kila tarehe 30 bila kusema kitu. Afadhali angesema.

Sasa sikiliza na hii, njo inaniuma zaidi. Kuna jamaa moja pa Kamalondo, kazi yake sawa yangu, 2.4.49 ileile, CGI imewashwa ileile, na yeye 2.4.50 hakuweka, alikuwa mvivu tu, alipandisha mu mwezi wa 11. Tulifungua logi yake pamoja, ile daftari yenye seva inaandika kila ombi. Maombi ya %2e mia na mia, usiku na mchana, yote 403, 403, 403. Juu ku muzizi yake kulikuwa denied, ileile ya fabriki, hakuigusa maisha yake yote. Yeye siku ile ya Mungu alikula bukari yake na sombe akalala. Mi mwenye bidii njo niliibiwa. 403 ilikuwa namlinda yeye, na mi niliifukuza kama mbwa yenye inabweka usiku.

Kwa hiyo fanya hivi. Futa ile granted ku muzizi, rudisha denied. Saiti itakufa tena, iache ife. Fungua logi ya makosa, tafuta mustari yenye AH01630, client denied by server configuration, na mwisho ya ule mustari Apache inakwambia yenyewe ni njia gani ilikatazwa. Inakwambia! Miaka yote hii jibu iko mu logi na batu wanaenda kuuliza rafiki. Chukua folda hiyo, ile tu, uandike:

<Directory "/srv/www/matokeo">
    Require all granted
</Directory>

Weka njia yako pa ile yangu. Kama kuna folda ingine inakataa, itakuya na mustari yake, unaifungua nayo kama kweli inapaswa kufunguliwa. Kama namba ni AH00035, hiyo ni ingine, ni ruhusa za folda ku Linux, na mutu akikwambia chmod 777 (kufungulia kila mutu kila kitu) mufungie simu. Kisha piga grep (amri ya kutafuta maneno) ya "all granted" mu konfigi yote, uangalie kila pahali inatokea iko ndani ya folda gani, juu rafiki yako anaweza kuwa aliandika mara mbili. Na usijivunie ile Syntax OK ya configtest, amri ya kupima konfigi, ile inasema tu sarufi ni nzuri, hata mi ya 2014 ilikuwa Syntax OK.

Ukipandisha vesheni, zima Apache kabisa na uwashe tena. Graceful, ile kuwasha upya bila kuzima, inasoma konfigi mupya, lakini ile mama ya proses inabaki ya zamani, unafikiri uko ku mupya na kumbe uko ku ileile.

Na usiniambie "lakini mi nina vesheni mupya, shimo ya 2021 imezibwa". Imezibwa, ndiyo. Mi pia nilikuwa na vesheni mupya, mupya kuliko ya kila mutu. Mu mwezi wa 7 mu 2024 ilitoka 2.4.60 yenye dawa mingi ya usalama, na ndani yake kosa yenye ilifanya seva fulani zenye zinatumia AddType (mustari ya konfigi wa kutaja aina ya faili) zitoe kodi ya PHP kama maandishi; 2.4.61 ikatoka siku mbili kisha kuziba, na 2.4.62 tarehe 17 kumalizia. Hapo denied ku muzizi haingekusaidia, nasema ukweli, ile ilikuwa mu folda zenye ziko wazi tayari. Lakini unaona vile inakwenda: apdeti unaiweka, lazima, mapema, na bado kuna siku apdeti yenyewe njo inaleta shimo, na siku ile utakuwa na uzio ao hautakuwa na uzio.

HTTP/2, ndiyo, iko, utahitaji mpm (namna Apache inagawa kazi) ya event ao worker, na prefork haitumike. Sertifika... ulisema ni ya Let's Encrypt, ile ya bure, ao ya kununua? Nginx mi sina ugomvi nayo. Lakini ukihamia na ile kichwa ya "fungua yote inatumike" utaibiwa na Nginx vilevile, nayo inajua kutoa faili.

Saa hii betri ya inverta iko karibu kwisha. Bandika hapa ule mustari wa AH01630, ficha jina ya saiti, na ile neno la siri ya database ulibadilishe sasa, usiku huu, juu ulisema saiti iko wazi tangu siku ya ine, Alhamisi. Na kama ni ileile ya imeili ya mukubwa wa masomo, mupigie mbele ya mi kukupigia.