Namna ya kuandika wasifu wa babu ili waliomfahamu wamtambue

Wasifu mwingi unaosomwa misibani kwetu hufuata mkondo mmoja: marehemu alizaliwa mwaka fulani, akasoma hadi darasa fulani, akafunga ndoa, akashika vyeo, akaanza kusumbuliwa na maradhi, akahamishwa kutoka hospitali moja hadi nyingine, na ameacha mjane, watoto na wajukuu. Hakuna uongo ndani yake, lakini ukibadilisha jina na tarehe unaweza kusomwa kwenye msiba wa mtu mwingine yeyote. Familia iliponikabidhi jukumu la kuandika wasifu wa babu yangu, mzee wa milima ya Upare wilayani Same, nilitaka majirani wasikilize na kusema kwamba kweli huyu ndiye. Niliyojifunza nayaandika kwa ajili ya mjukuu mwingine atakayepewa kalamu huku maturubai yakiwa bado yanafungwa uani.

Anza kwa mjane, lakini usimwendee wakati amezungukwa na waombolezaji. Subiri jioni, wanawake wengi wakiwa wamerudi makwao, ukae naye chini, na usimuulize babu alikuwa na vyeo gani. Muulize siku yake ilikuwaje. Kwa swali hilo bibi alinieleza jambo ambalo hakuna mtoto wake aliyekuwa akilijua, kwamba tangu miguu yake ilipoanza kuvimba, babu ndiye aliyekuwa akiwasha moto alfajiri na kumchemshia maji ya kuoga, kisha akayapoza kwa kuyapima kwa kiwiko kama anavyofanyiwa mtoto mchanga, na ndipo akatoka kwenda kwenye shughuli zake za kijiji. Alieleza pia kwamba katika ujana wao babu alikuwa akimpokea ndoo ya maji pale kilima kinapoanza, na wanaume wenzake walipomcheka hakuwajibu. Habari ya namna hii inasema juu ya ndoa yao kuliko sentensi yoyote inayodai kwamba marehemu alikuwa mume mwema.

Kuhusu utumishi wake, fuata kazi yenyewe, si cheo. Karatasi ya kwanza niliyopewa ilisema tu kwamba babu alikuwa mjumbe wa kamati ya maji. Kwa asiyeijua milima yetu maneno hayo hayana uzito. Kwetu kuna ndiva, yaani bwawa dogo linalojazwa maji ya mfereji usiku na kufunguliwa asubuhi ili maji yashuke kwa nguvu hadi mashambani, na kila kaya ina zamu yake. Mwenye kusimamia zamu hizo huamka kabla ya wote, hutembea na jembe gizani kukagua mfereji, na husikiliza ugomvi wa ndugu wawili wanaogombania saa moja ya maji wakati mahindi yananyauka. Tena mfereji hausafishwi wala tope halizolewi bila msaragambo, kazi ya pamoja ambayo asiyefika hutozwa faini. Mama mmoja jirani alinisimulia kwamba mwaka mmoja alishindwa kufika msaragambo kwa kuwa alikuwa akimuuguza mwanawe; babu akaenda kufanya kazi kwa niaba yake baada ya kumaliza sehemu yake, na zamu ya mama huyo ya maji haikuguswa. Niliandika kisa hicho kama kilivyo, na uwanjani watu waliguna kwa kukubali.

Tarehe zitakusumbua, kwa sababu wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa na mjane anaweza asikumbuke mwaka. Dawa yake ni kuuliza kwa matukio ambayo nchi nzima iliyapitia: je, ilikuwa kabla ya Azimio la Arusha la 1967 au baada yake? Watu walikuwa wameshahamishiwa vijijini? Vita vya Kagera, vya 1978 na 1979, vilikuwa vimeanza? Bibi hakujua babu alianza lini kuongoza wenzake, ila alikumbuka vizuri kwamba mimba yake ya pili ilimkuta babu akiongoza kikundi cha kusikiliza redio wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, wakati watu walipokuwa wakichimba vyoo kila kaya. Kampeni hiyo ilifanyika 1973 na ilishirikisha takriban watu milioni mbili nchini Tanzania, hivyo tukapata mwaka bila kubahatisha.

Usimgeuze marehemu kuwa malaika. Babu alikuwa mkali, na wapo waliokatiwa maji kwa amri yake ambao hawakumsalimia kwa muda mrefu. Niliwataja bila majina, na mmoja wao alikuwa miongoni mwa wabeba jeneza. Maradhi yapewe sentensi moja tu. Msomaji awe mtu ambaye sauti yake itastahimili, na kwa maoni yangu asizidishe dakika tano.

Mazishi yakishapita, kazi haijaisha. Tafuta madaftari yake kabla hayajafanywa ya kuwashia moto. Ya babu yalikuwa chini ya kitanda, kurasa zimejaa majina ya kaya na saa za zamu, waliokwisha kupata maji wamewekewa alama kwa kalamu nyekundu. Yapige picha kwa simu mchana, karibu na dirisha, ukurasa baada ya ukurasa, na nyuma ya kila picha ya zamani andika kwa penseli majina ya waliomo, bibi akiwa ndiye anayekutajia. Nakala moja ipewe kamati ya maji, kwa kuwa kumbukumbu za zamu ni mali yao pia. Kisha watembelee wazee waliofanya kazi naye, ukianza na mwenye umri mkubwa kuliko wote, na uombe ruhusa ya kurekodi sauti yake.