Shirikisho litanifaa nini mimi? Majibu kwa wasomaji

Katika makala iliyopita niliandika kwamba nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimalize safari ziliyoianza na kuunda Shirikisho la Kisiasa: serikali moja ya juu kwa mambo machache ya pamoja, na kila nchi ibaki na yake yaliyosalia. Maswali yamekuja mengi. Leo nimechukua matano.

Nauza mahindi. Kila wiki navuka mpaka na ushuru wa forodha silipi. Shirikisho litaniongezea nini? (Namanga)

Dada yangu, litakuongezea uhakika.

Ulichonacho leo si kidogo. Tangu Umoja wa Forodha uanze mwaka 2005, mazao ya ndani ya Jumuiya yanapita bila ushuru huo yakiwa na cheti cha uasili, kinachoonyesha yalikotoka, na mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chake chepesi cha palepale mpakani. Tangu Desemba 2018 Namanga ina kituo cha pamoja. Ukienda Kenya, afisa wa Tanzania anakugongea muhuri wa kutoka, unasogea dirisha la pili, wa Kenya anakugongea wa kuingia, basi.

Lakini kumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku zile nilimkuta dereva wa fuso amekaa kwenye kivuli cha gari lake kando ya barabara. Kila wingu lilipopita aliinuka kukaza kamba za turubai, maana mahindi yakilowa ndipo huo ukungu wa sumu unapoota. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, kwa masharti mapya. Kwa wizara, siku chache ni kawaida. Kwa mtu aliyekopa ili anunue magunia mia, huo ni mtaji wake wote.

Sumukuvu inaua, na kupima ni lazima. Ninachouliza ni nani anaamua. Leo kila nchi inaamua peke yake, na wewe unapata habari ukiwa umeshafika getini. Sisi Watanzania nasi hatujasalimika: Julai 2025 serikali yetu ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogo, zikiwemo za kutengeneza simu na uwakala wa kutuma pesa, na amri hiyo ikawagusa hata majirani tulionao kwenye Soko la Pamoja. Katika Shirikisho, biashara kati ya nchi wanachama ingekuwa jambo la serikali ya juu. Kipimo kimoja, cheti cha maabara kinachoheshimiwa pande zote mbili, na hakuna nchi ya kufunga geti kwa tamko la asubuhi.

Baba yangu alikuwa fundi wa Reli ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipokufa 1977 alirudi nyumbani na sanduku la bati. Leo mnataka tujaribu tena? (Tabora)

Ndugu yangu, swali lako ndilo zito kuliko yote. Mfikishie mzee shikamoo yangu kama bado yupo. Wastaafu wa Jumuiya ile walidai mafao yao kwa miaka na miaka, na wengine walikufa wakidai. Sitaki kulipita hilo haraka.

Tulikuwa na reli moja, bandari chini ya shirika moja, posta na simu moja, na ndege za East African Airways. Mkataba wa 1967 uliweka makao makuu Arusha. Huduma ziliungana, lakini mamlaka ya mwisho yalibaki mikononi mwa marais watatu, ambao walipaswa kukaa pamoja na kukubaliana. Januari 1971 Idi Amin akampindua Rais Obote wa Uganda, Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye, na kikao hicho cha wakuu hakikufanyika tena. Juu ya hapo kulikuwa na ugomvi wa nani anafaidi zaidi, na mashirika yaliyoacha kupelekeana fedha. Mwaka 1977 kila kitu kikakatika. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983, na mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini mwaka 1984.

Baba yako aliumizwa na muungano wa kazi uliokosa muungano wa siasa. Nyerere aliliona mapema: mwaka 1960 alikuwa tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi hizi ziingie pamoja. Tarehe 5 Juni 1963 yeye, Kenyatta na Obote walitangaza jijini Nairobi kwamba mwaka usingeisha bila shirikisho. Uliisha bila shirikisho.

Na ugonjwa ule bado tunao katika Jumuiya ya sasa. Wakuu wa nchi wanaamua kwa kauli moja, kwa hiyo anayekataa mmoja anatosha kusimamisha wote. Wabunge wa Afrika Mashariki huchaguliwa na mabunge ya nchi zao. Wewe na mimi hatujawahi kuwapigia kura. Wangechaguliwa na wananchi, fundi wa reli angekuwa na mtu wa kumbana.

Sarafu moja lini? (Kampala)

Si karibuni. Itifaki ya sarafu moja ilisainiwa Novemba 2013 kwa lengo la 2024, sasa unatajwa 2031. Wazee wetu walitumia shilingi moja mpaka 1966, kwa hiyo si ndoto. Ila leo nchi zinatakiwa kwanza zibane nakisi za bajeti na madeni, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Tukiungana, wenye fedha watakuja kununua ardhi yetu yote. (Babati)

Hofu yako ni halali, wala usikubali mtu akuambie kuwa ni ushamba. Hata Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliacha ardhi chini ya sheria za kila nchi. Na tuna mfano nyumbani. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na hadi leo ardhi ya Zanzibar inaendeshwa kwa sheria za Zanzibar.

Mfano huohuo una onyo. Mambo ya Muungano yalianza 11, leo ni 22, na nyongeza hizo zimezaa manung'uniko mpaka tukayapa jina, kero za Muungano. Ndiyo maana nasema orodha ya mambo ya Shirikisho iwe fupi, na isiongezwe hata neno mpaka wananchi wa kila nchi wakubali kwa kura. Ardhi isiwemo kabisa.

Umoja gani huu, wenzetu wakitupiga? (Goma)

Pole sana, ndugu yangu. Kongo iliingia Jumuiya Julai 2022. Kikosi cha Jumuiya cha kulinda amani kilianza kufika kwenu Novemba mwaka huo, kikaondoka Desemba 2023, na Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia mjini kwenu. Sitakuambia kwamba katiba ingezuia risasi.

Sidhani kama nchi zenye vita kati yao zinaweza kuingia Shirikisho kesho. Mkataba wa Jumuiya unaruhusu walio tayari watangulie, na wengine wafuate wakiwa tayari. Lakini serikali yenu, inayoituhumu Rwanda kuwasaidia waasi hao, imeishtaki katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, na hilo nalithamini sana, kwa sababu ni mlango pekee wa Jumuiya ambao jirani anaweza kumpeleka jirani na kudai jibu. Upungufu wake ni kwamba mahakama hiyo haina mkono wa kutekeleza inachoamua. Wataalamu wa Jumuiya wanaochukua maoni ya wananchi kuhusu katiba ya kuunganisha nchi hizi wakifika kwangu, hilo ndilo nitakaloanza nalo: jeshi la nchi mwanachama likivuka mpaka wa mwenzake, hukumu ya Arusha itekelezwe, hata kama rais mmoja hataki.